Ilatan Aonja Chumvi

Ilatan alikuwa na kisima jangwani, na misafara yote ya chumvi ilimpigia magoti. Siku moja akafika Takama, mwanamke mchuuzi, na ngamia wake aliyekuwa hoi kwa kiu.

"Maji kwa shehena yako yote, bibi," akasema Ilatan.

"Haya, bwana mkubwa. Lakini ionje kwanza chumvi yenyewe, usije ukasema nimekuuzia mchanga."

Ilatan akamega kipande, akalamba, akalamba tena.

"Umemeza?"

"Nimemeza, na bado naitaka!"

Takama akawageukia walinzi wa kisima. "Jamani, hapa jangwani mtu akishakula chumvi ya mwenzake, wanakuwa nani?"

"Ndugu," wakajibu wakibana vicheko, "na ndugu hanyimwi maji."

Takama akashika kamba ya ndoo. "Basi sogea kidogo, kaka. Ngamia wetu ana kiu."