Mbwa wa Holo na Kivuli cha Jiwe

Ukimfunga mbwa, mfunge na kivuli. Mmecheka nyie, nimewasikia. Jana Sayi alipokuja kuaga kwamba anakwenda kazi ya mbali, akajisifu kuwa amemwachia mkewe gunia zima la mahindi, shangazi yenu akamjibu kwa maneno hayo. Mkatazamana, mkaulizana kivuli kinafungwaje, na kwa kamba gani. Haya, kaeni mtulie. Maneno hayo hayakuokotwa njiani. Yalitoka kinywani mwa mtu, na mwanzo wake ni huu.

Zamani hizo chumvi haikununuliwa dukani, ilifuatwa. Kila kiangazi wanaume wa kijiji walisafiri siku tisa na punda wao hadi kwenye ziwa la chumvi, ambalo jua likilikausha hubaki jeupe mpaka macho yanauma. Safari ilikuwa na miiko yake, na mwiko mkubwa ulikuwa huu: ukishakanyaga ule weupe, hugeuki nyuma mpaka mzigo wako umejaa. Walisema ziwa lina wivu. Likipewa mgongo kabla ya wakati, chumvi yote hugeuka udongo, na si mikononi mwa mkosaji peke yake, bali mikononi mwa wote. Sharti la pili lilikuwa jepesi: kila mtu aje na mbwa, kwa sababu ya fisi njiani.

Mwaka huo Gindu alikuwa anakwenda kwa mara ya kwanza, na mbwa hana. Wake alikufa masika. Mbwa aliyebaki nyumbani alikuwa wa mama yake, Holo, na Holo alikuwa kipofu. Mbwa yule ndiye aliyekuwa macho yake. Holo alishika kamba, mbwa akatangulia, wakaenda kisimani, wakaenda kwa majirani, wakaenda hata shambani kung'oa karanga. Alimpa jina la Tutaona. Wageni walidhani mama wa watu kakosea kuchagua jina, lakini waliomjua Holo walijua kuwa hakosei. Alikuwa na maneno yule.

Gindu alimwomba mama yake siku tatu. Siku ya nne Holo akakubali kwa shingo upande. Akamkabidhi kamba, akamwambia kwamba mbwa huyu hajawahi kuachwa peke yake tangu azaliwe, kwa hiyo asithubutu kumwacha mahali ambapo hawezi kujiokoa. Gindu akaitikia ndiyo mama, ndiyo mama, haraka haraka, kama tunavyoitikia sote tukishapata tulichokitaka.

Njiani Tutaona alibweka fisi wakarudi walikotoka, na watu wakamsifu. Adui yake alikuwa punda. Gindu alikuwa na punda jike mzee, masikio yamechanika, mkaidi usipime. Kutwa Tutaona alimchokoza miguuni, punda naye akarusha mateke, na mara mbili alimpata mbwa mbavuni. Watu walicheka, wakasema hao wangekuwa binadamu wangeshashtakiana kwa mtemi.

Siku ya kumi, kukipambazuka, wakafika. Ukingoni mwa ziwa palikuwa na chemchemi ya maji matamu na majani kidogo. Hapo punda walifunguliwa mizigo wakaachwa huru, na mbwa waliozoea safari wakajilaza karibu nao. Mbwa hapelekwi kwenye chumvi ile, maana ina magadi, inamla nyayo mpaka nyama itokeze. Lakini Tutaona hakukubali kubaki. Gindu akipiga hatua, naye hatua. Kazi aliyoijua maishani mwake ni moja tu, kwenda na mtu.

Maduhu, kiongozi wa msafara, akaanza kuita watu. Gindu akatupa macho huku na huku, akaona jiwe kubwa, refu kuliko nyumba. Jua ndiyo kwanza linachomoza, na upande wa magharibi jiwe lilikuwa limemwaga kivuli kipana cha kutosha ng'ombe kumi. Akamfunga Tutaona pale, kwenye mzizi uliotokeza chini ya jiwe. Kamba aliifanya fupi asije akajinyonga. Akamwekea maji kwenye kipande cha kibuyu. Akakitazama tena kile kivuli, akaona kwamba hapa hata yeye angelala. Akawafuata wenzake, moyo umetulia.

Walitembea kuelekea magharibi mpaka saa tatu, ndipo wakaifikia chumvi nzuri, wakaanza kuchimba. Gindu alikuwa kijana wa nguvu. Alichimba bila kuinua kichwa, akajaza mfuko wa kwanza, akaanza wa pili. Jua likapanda. Ikafika wakati akainama kuzoa, macho yake yakaangukia kivuli chake mwenyewe. Asubuhi kivuli hicho kilikuwa kirefu, kinamtangulia njia nzima. Sasa kimejikunyata chini ya miguu yake, hakizidi ungo.

Jembe likamponyoka. Aliona kila kitu mara moja: jiwe lisilo na kivuli, kamba fupi, na jua ambalo tangu saa hiyo mpaka jioni lingekuwa upande ule ule alikomfunga mbwa. Akaona na mkono wa mama yake umenyooshwa mlangoni, unapapasa, haushiki kitu.

Akamwendea Maduhu. Akamweleza yote.

Maduhu alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu mzima, si mkorofi. Akasema, "Nakuonea huruma, mwanangu. Lakini hapa tupo watu thelathini, na kila mmoja ana nyumba inayomsubiri. Ukigeuka sasa unatutia sote hasarani kwa ajili ya mbwa."

"Baba, yule si mbwa tu. Ni macho ya mama yangu. Nimeyaazima."

"Na ukimkuta amekufa?"

"Nitamkuta. Siwezi kukaa hapa nijaze chumvi huku nikijua."

"Basi ukienda, usirudi tena kwenye msafara wangu."

Gindu akaligeuzia ziwa mgongo. Nyuma yake wenzake wakarudia majembe yao. Akakimbia. Joto lilitoka chini likatoka na juu, midomo ikampasuka kwa chumvi. Mtu hawezi kukimbia muda wote huo, kwa hiyo alikimbia, akatembea, akakimbia tena. Alipoliona jiwe jua lilikuwa limeinama nyuma yake, alasiri kabisa, na uso wote wa jiwe unawaka, hakuna kivuli hata cha kuficha panya.

Hakumwona mbwa. Alichokiona ni yule punda wake mzee, amesimama kiubavu mbele ya jiwe. Moyo ukamfa. Akajua yamekwisha, punda amekuja kunusa mzoga wa adui yake. Akaenda taratibu, maana miguu haikutaka tena kufika, akamzunguka punda kwa nyuma.

Tutaona alikuwa amelala upande wa pili, ndani ya kivuli cha punda. Mwili wake wote ulienea mle. Ulimi nje, mbavu zinapanda na kushuka upesi upesi, macho wazi. Alipomwona Gindu mkia ukapiga vumbi mara moja.

Gindu akataka kumkimbilia, ndipo akatazama chini, akasimama. Lile vumbi la chumvi lilikuwa limehifadhi kila kitu. Kando kabisa ya mzizi palikuwa na alama nne za kwato, zimezama sana, za mnyama aliyesimama mahali pamoja kwa muda mrefu. Hapo ndipo aliposimama adhuhuri, mbwa akiwa chini ya tumbo lake. Nje yake, mbali na jiwe kwa upana wa kiganja tu, palikuwa na alama nne nyingine. Halafu nyingine. Jua lilipoinama kidogo, punda alisogea kidogo. Gindu akahesabu seti saba mpaka pale punda aliposimama sasa. Kinyesi chake kilikuwa mahali patatu. Kibuyu cha maji kilikuwa kimepinduka, kimekauka siku nyingi ungedhani. Na chemchemi ilikuwa pale, inaonekana, punda wengine wote wamejaa majini wanakunywa. Huyu mmoja hakuwa amefungwa na mtu.

Gindu alishikwa na hofu, lakini si ile ya kumkimbiza mtu. Alijiona ameingia mahali patakatifu bila kuvua viatu. Akavua makubazi yake kweli, akaenda pekupeku, akapiga magoti, akafungua kamba. Na kamba ilipoachia tu, punda akapumua kwa nguvu, akageuka, akaenda zake chemchemini polepole, miguu ya nyuma inatetemeka. Akanywa, na akanywa, Gindu akidhani hataacha.

Jua linazama, msafara ukarudi. Mifuko imejaa, na chumvi ilikuwa chumvi, haikugeuka udongo. Maduhu alikuja mbele ya wote, uso umekunjamana, maneno ameyaandaa tangu mchana. Gindu hakujitetea. Alinyoosha mkono tu akamwonyesha chini.

Maduhu alikuwa ameongoza watu kwenye ziwa lile miaka kumi na tisa, na nyayo alizisoma kuliko kijana yule. Akazifuata kutoka mzizini, moja baada ya nyingine, ameinama. Akarudi mwanzo, akazifuata tena. Wenzake wakamzunguka, wakaona alichokiona. Maduhu akainuka. Akafungua mfuko wake, akachota chumvi iliyo safi kuliko yote, akaenda kumlambisha punda kwenye kiganja, na machozi yakimtoka hakuyafuta.

Siku tisa baadaye Gindu alimrudishia mama yake kamba. Holo akampapasa mbwa, kichwani, mgongoni, akafika pale manyoya yalipoliwa na magadi, vidole vikakoma.  Gindu akasema yote, tangu kivuli cha ng'ombe kumi mpaka zile seti saba za alama, na hakuficha kosa lake.

Holo akaomba apelekwe kwa punda. Tutaona akamtangulia. Holo akamshika yule punda mzee masikio yake yaliyochanika, akampapasa mgongo mpaka kwenye makalio, akainama akazigusa kwato zote nne, kila moja akaishika muda mrefu. Watu walikuwa wamejaa uani.

Kisha akageuza uso kule alikosikia mwanawe akipumua.

"Gindu," akasema, "ukimfunga mbwa, mfunge na kivuli. Na kwa kuwa kivuli hakikubali kamba, kaa naye."