Sahani Wazi ya Mwajabu

Ahesabuye matonge yako, njaa yako haijui.

Ndivyo alivyosema mama yake huyu Zuwena pale jikoni, nanyi nyote mkaangua kicheko, kisha mkanijia mbio kuniuliza msemo huo umetoka wapi. Haya, kaeni, wajukuu zangu. Habibu, punguza hiyo redio. Mnadhani kila methali ilisemwa na mtu aliyekwisha kufa enzi za Mjerumani? Hii bado changa. Aliyeisema yu hai, na mkienda Makorora leo mtamkuta barazani kwake anachambua mchele na kugombana na kuku. Mimi nilikuwapo, nikaisikia ikitoka kinywani mwake kwa mara ya kwanza. Basi ilianza hivi.

Mtaani kwetu Makorora, pale Tanga, tulikuwa na klabu ya jogging ya wanawake. Mnazijua klabu hizi. Jumamosi asubuhi watu wamevaa fulana za rangi moja, wanakimbia katikati ya barabara, mmoja anatoa wimbo wengine wanaitikia, na magari yanasubiri yatake yasitake. Mkimaliza mnakunywa supu. Mimi nilikuwa mtoa wimbo. Kukimbia nilikimbia kidogo tu, magoti hayakutaka, lakini sauti ninayo mpaka leo, na usinitazame hivyo Habibu.

Mwenyekiti wetu alikuwa Kidawa. Mwanamke wa shoka yule, akisema twende, hata mvua inakaa pembeni. Lakini moyoni alikuwa na jeraha. Dada yake alikufa kwa presha na kisukari, na miaka yote kabla ya hapo watu walikuwa wakimsifu kwamba kunenepa ndiko kupendeza. Hakuna aliyemwambia kitu. Kidawa akaapa kwamba hakuna mwanamke mwingine wa mtaa ule atakayekufa kwa kuoneana haya.

Ndipo akaleta Sahani Wazi. Kwenye kundi la klabu la wasapu, kila mmoja kabla hajanawa mikono anaipiga picha sahani yake na kuituma. Jioni anatuma hatua alizotembea, kama simu ilivyozihesabu. Wenzake wanamsifu au wanamrudi. Mimi simu yangu ilikuwa kitochi, haijui picha wala nini, kwa hiyo nilisamehewa. Lakini umbea ule nilisomewa wote, siwafichi.

Na msidhani naibeza. Sahani Wazi ilisaidia watu. Alikuwapo Mwajabu, mke wa Shekue fundi cherehani. Alipoingia klabuni, akitembea kutoka kwake hadi sokoni anahema kama anasukuma mkokoteni. Wenzake wakampa moyo kila siku. Leo punguza chumvi, kesho ongeza mchicha, hongera, umefika, usikate tamaa. Miezi ikapita, Mwajabu akawa anakimbia mstari wa mbele huku anacheka. Alilipenda lile kundi jamani! Asubuhi alilisalimia kabla ya mumewe.

Kisha Mwajabu akashika mimba.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Mwajabu alikuwa ameshaharibikiwa na mimba mbili. Zote mbili alizitangaza mapema, kwa furaha. Ile ya pili mimi mwenyewe nilimtungia wimbo, tukauimba barabara nzima. Muda si muda tukaenda kwake tena, safari hii kumpa pole. Aliniambia kwamba kilichomuumiza kuliko vyote ni kukutana na watu wanaomuuliza hali ya tumbo, na yeye kulazimika kumwambia kila mmoja kwamba halipo tena. Kwa hiyo mara hii yeye na Shekue wakapatana. Mimba changa haitangazwi, wazee hawakukosea. Tumbo likikua litajitangaza lenyewe.

Jambo jema. Lakini ile sahani je?

Maana njaa ya mimba, nyie hamjaijua bado, haina adabu. Siku moja Mwajabu akapakua wali akaujaza, akaupiga picha kama kawaida, akatuma. Haukupita muda simu ikaanza kulia. Mmoja akaandika, "Mwajabu, sahani hiyo ya watu wawili! Mwenzio yuko wapi?" Kundi zima likacheka. Wengine wakaongeza zao, kwamba anarudi alikotoka, kwamba mazoezi yote yale yamekwenda na maji. Utani tu, watani hawakuwa na ubaya. Mwajabu akabaki ameketi mkekani machozi yanamtiririka, maana mwenziwe alikuwapo kweli na hakuwa na ruhusa ya kumtaja.

Nanyi mtasema angetoka kundini. Utoke kundini Makorora? Jina lako linajiandika pale kwamba umetoka, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima umeshajua sababu, na kama hawaijui wataitunga. Anyamaze tu asitume? Kidawa angempitia nyumbani kumjulia hali. Shekue akamshauri, "Piga picha sahani ndogo, kisha kula sufuria. Nani atajua?"

Hapo ndipo lilipomkuta. Mwajabu hakuwa mwongo. Alilelewa na babu aliyekuwa mwalimu wa madrasa, na uongo kwake ulikuwa uongo, hata wa picha. Alimjibu mumewe, "Nikiwatumia sahani hii nikala ile, Jumamosi nitawatazama vipi usoni?" Basi akawa anapakua kidogo, anapiga picha, anakula kile kile alichokipiga picha, anainuka na njaa yake. Kundi likamsifu, hongera dada, umerudi kwenye mstari. Na sifa, wanangu, zinafunga mtu kuliko kamba. Kila alipotaka kuongeza upawa mmoja alizikumbuka sifa zile, akaufunika wali.

Aliyeyaona haya yote ni Bi Mgeni, mama mkwe wake, shoga yangu tangu usichana. Waliishi nyumba moja. Alimwona mkwewe akikimbia harufu ya kitunguu, akamwona akisinzia mchana, akajua. Lakini kwetu mama mkwe haulizi mimba ya mke wa mwanawe, anangoja aambiwe. Akafanya alichoweza. Alikuwa akipika uji, akimwekea bakuli na kusema, "Nimepika mwingi, utachacha bure." Mwajabu akijibu kwa heshima, "Nimeshiba, mama." Bi Mgeni akanijia siku moja analia kabisa. "Shoga yangu Semeni," akaniambia, "mtoto anakonda mbele ya macho yangu, na mila imeniziba mdomo." Nikamwambia avumilie, mambo ya mimba changa ni ya wenyewe. Ndivyo tulivyojua sisi.

Ikaja Jumamosi. Mwajabu alikuwa hataki kukimbia, lakini angetoa sababu gani? Akavaa fulana yake. Safari nzima alikuwa nyuma, hata nyuma yangu mimi mwenye magoti, na nilipogeuka kumtania niliona midomo yake imekauka. Tulimalizia kwenye uwanja ulio karibu na nyumba ya Bi Mgeni, pale supu inapopikwa. Watu wakaanza kujinyoosha. Mwajabu akaketi chini vumbini, mkono mmoja kiunoni.

"Mwajabu, usikae!" Kidawa akamwambia. "Ukikaa misuli inakaza. Simama, zungukazunguka."

Mwajabu akatikisa kichwa tu. Msichana mmoja, kwa mazoea yetu ya kurekodi kila mwisho wa mbio, akamwelekezea simu na kusema kwa kucheka, "Kamera inakuona, dada, usituangushe!"

Bi Mgeni alikuwa anatazama kutoka barazani. Sijapata kumwona mwanamke wa umri ule akivuka uwanja upesi namna ile. Alifika amekwisha kuitoa kanga ya mabegani, akamfunika mkwewe mapaja na miguu.

"Zima simu hiyo," akasema.

"Mama, tunamsaidia," Kidawa akasema, na kusema kweli alisema kwa upole. "Labda hakula vizuri jana. Lakini hapana, nimeiona sahani yake ya jana. Mimi najua kila anachokula."

"Unajua kila anachokula?"

"Kila siku, mama. Toka mwanzo wa mwaka."

Bi Mgeni akamtazama. Hakupandisha sauti. "Basi niambie, mwanangu, hii siku ya leo ameamka na njaa kiasi gani?"

Kidawa akamtazama Mwajabu pale chini. Hata wale waliokuwa kwenye supu wakaacha bakuli wakasogea.

"Hujui," akasema Bi Mgeni. "Wala hukosei, hukuambiwa. Ahesabuye matonge yako, njaa yako haijui."

Hapo Mwajabu akaushika mkono wa mama mkwe wake, akamtazama Kidawa, akasema mwenyewe kwa sauti ndogo, "Nina mimba, dada Kidawa. Na naona damu."

Mwee! Sitaki hata kukumbuka. Kidawa yule wa shoka alipiga magoti vumbini kama mtoto. Kisha akainuka, akambeba Mwajabu mikononi mwake, peke yake, mpaka kwenye bajaji. Bi Mgeni akapanda naye. Sisi wengine tukafuata kwa miguu mpaka hospitali na fulana zetu zenye jasho, na hakuna aliyeimba.

Tulikaa nje kwenye benchi. Yule msichana wa kamera alilia mpaka nikamkumbatia. Shekue alifika na futi ya kupimia ikining'inia shingoni, ameacha cherehani na mteja, akawa hajui aende wapi. Nilikuwa nasoma dua zote ninazozijua, na nikizimaliza naanza tena. Mimba ya tatu, wanangu. Mtu ana machozi mangapi?

Mwishowe akatoka nesi. Akauliza, "Ndugu wa Mwajabu ni nani?" Tukasimama wote, benchi zima. Nesi akatabasamu, akasema, "Mtoto yupo. Mama amechoka na ana njaa. Alale, apumzike, ale." Bi Mgeni akaketi sakafuni pale pale akaegemea ukuta, akacheka na kulia kwa pamoja.

Siku ya pili Kidawa alikwenda kumtazama nyumbani. Nilikuwapo, nimeketi miguuni pa kitanda. Alikuja na hotipoti ya bada, ule ugali wetu wa muhogo, na samaki wa nazi pembeni, maana alikuwa amemuuliza Shekue mkewe anatamani nini. Akaifungua, mvuke ukajaa chumbani. Mkono wa Mwajabu, kwa mazoea, ukaenda kwenye simu.

"Iache," Kidawa akasema. "Mimi mwenyewe yangu nimeiacha nyumbani." Kisha akainamisha kichwa. "Mwajabu, nilikuwa nahesabu kwa mapenzi. Dada yangu hakuna aliyemhesabia."

"Najua, dada. Ndiyo maana sikuweza kukudanganya."

Kidawa akakata tonge, akachovya mchuzi, akamlisha kwa mkono wake. Mwajabu akala. Akala bada yote ile. Alipofika mwisho akalamba vidole, akaona aibu, akacheka. Nikatazama nje dirishani ili wasinione ninavyofuta macho.

Kundi halikufa, msidhani. Ila Kidawa aliandika kwamba kuanzia siku hiyo anayetaka kutuma atume, asiyetuma asiulizwe, na anayeona sahani ya mwenzake na hajui habari zake amtakie mlo mwema tu basi. Mwajabu hakutuma tena kundini. Lakini aliendelea kumtumia Kidawa peke yake, kwa hiari yake, mpaka alipojifungua na hata baada ya hapo aliporudi kukimbia. Na Kidawa alijifunza kumjibu kwa neno moja. Alimuuliza, "Umeshiba?"

Mtoto ni wa kike, sasa yuko darasa la pili, anakula kama nzige na anakimbia kuliko wote. Siku ya arobaini yake niliimba mpaka sauti ikakauka. Na msemo wa Bi Mgeni ukatoka pale uwanjani ukaenda sokoni, ukapanda mabasi, ukafika hadi jikoni kwa mama yenu bila mwenyewe kupewa hata asante.

Zuwena, mbona umeinama? Mama yako kaniambia. Kaniambia umejiunga na shindano la kupungua huko mtandaoni, na tangu Jumatatu unapiga picha matango na maji ya ndimu, na watu usiowajua wanakupigia makofi. Sikukatazi, mwanangu. Hata mwili ukitaka kuupunguza, mimi nani nikuzuie? Na mwenzio wa kukutia moyo mtafute, peke yako ni kazi. Lakini kabla hujaifunua sahani yako, watazame wanaoitazama, ujiulize ni nani kati yao angekubeba mpaka kwenye bajaji.

Usilie. Njoo, sogea hapa kwangu. Ahesabuye matonge yako, njaa yako haijui. Mimi sikuhesabii. Nakuuliza tu, mjukuu wangu: una njaa?