Mto wa Swichi

Wapendwa, kabla hatujaisogelea hii meza iliyofunikwa kitambaa cheupe hapa mbele, hebu niwapeleke mahali ambapo wengi wetu tumepaona kwenye simu za watu wengine tu.

Palikuwa na shemasi mmoja, mtu wa kule kwenye ukame, ambako mto ni mchanga. Nikisema mto ni mchanga simaanishi una mchanga. Namaanisha ukitaka maji, unauchimba. Kanisa lao lilikuwa na sheria ambayo hakuna aliyekumbuka nani aliitunga: mtu anabatizwa kwenye maji yanayotembea. Si kwenye tangi, si kwenye pipa, wala si kwenye bwawa la ng'ombe. Yordani ilikuwa inatembea, finish.

Sasa tuambiane ukweli. Ukiishi mahali ambapo mto ni mchanga, halafu ukaweka sheria kama hiyo, umefanya nini? Umefunga mlango, na ufunguo umeuweka mawinguni.

Mama mzazi wa huyu shemasi aliamini zamani, kabla mwanawe hajaota ndevu. Lakini hakuwa amebatizwa. Mto wa kwao ukija, unakuja usiku na asubuhi haupo. Siku moja ulikuja mchana, ila umebeba magogo na mbuzi mzima, nani ataingia? Siku nyingine ulikuja vizuri kabisa, maji ya magotini, mapole, na mchungaji alikuwa semina. Semina ya nini? Ya uinjilisti. Don't laugh, nyamazeni. Kila mara aliambiwa neno lile lile: "Subiri, mama. Mto utakuja." Akashona kanzu nyeupe ya ubatizo, akaiweka chini ya godoro, kwa sababu mto wa kwao haupigi hodi.

Na kwa kuwa hakubatizwa, hakuruhusiwa kwenye Meza ya Bwana. Siku ya Meza alikaa benchi la nyuma kabisa, na kazi yake ilikuwa moja: kuwashikia watoto wale wanaokwenda mbele. Wanamrushia mtoto, wanakwenda kula, wanarudi wakipangusa midomo, wanasema, "Asante Mwaitu." Kwao Mwaitu ni mama. Miaka na miaka. Watoto aliowashika walikua, wakabatizwa mbali huko kwa lori la kanisa, wakazaa, wakamletea na wao watoto wao ashike. Mwaitu mwenyewe, goti lake halikuweza kulipanda lile lori.

Alikuwa na ombi moja tu duniani: asizikwe kabla hajaila ile Meza.

Basi, binti wa shemasi akamaliza chuo. Degree mkononi, kazi hakuna, lakini baba akasema hata hivyo tutasherehekea. Siku ya sikukuu akawabeba wote, mke, binti, wadogo na Mwaitu, wakaenda mjini kwenye bustani ya michezo ya maji.

Getini mlinzi akamsimamisha Mwaitu, bibi wa watu, na dumu lake tupu mkononi.

"Shosho, hilo dumu hapana."

"Si ni maji mnayo humu?"

"Ni ya kuogelea, shosho. Hayatekwi."

"Kijana, kwenu mtu huenda majini mikono mitupu?"

Mlinzi akalichukua lile dumu la manjano taratibu, akaliweka kando ya kiti chake, akasema, "Nitakutunzia." Na kwa kuwa sheria za hapo hazikubali nguo za nyumbani majini, bibi akakodishiwa suruali ya kubana na fulana yenye picha ya dinosaria ametoa meno.

"Susu, umependeza," akasema binti, maana kwao bibi anaitwa Susu.

"Huyu mnyama ameokoka?" akauliza bibi.

Wakaingia.

Wapendwa, nataka muone alichokiona, kwa macho yake, si kwa yenu ya kufungua bomba. Upande wa kulia palikuwa na Misri nzima, piramidi za simenti, na kutoka kileleni maji yanaporomoka bila mtu kuyasukuma. Upande wa kushoto nchi ya barafu, dubu weupe wa plastiki wakitema maji midomoni. Katikati kuna meli, na juu ya meli ndoo kubwa kama nyumba ya mabati. Ndoo inajaa, inajaa, inainama polepole, kengele inalia, halafu inamwagika yote kwa mpigo. Watu wazima, baba zima lenye kitambi, linakimbilia pale chini likipiga kelele kama mtoto ili limwagikiwe!

Bibi alisimama. Kengele ilipolia ile mara ya kwanza alinyanyua mikono yote miwili bila kujua. Ndoo ikamwagika. Akabaki ameifungua mikono, maji yakimtiririka kwenye viwiko, anayatazama yakikimbia sakafuni kwenda kwenye mtaro na hakuna hata mtu mmoja anayainamia. Mnajua alisema nini?

"Bwana, kumbe una mengi hivi."

Hakulalamika. Mimi ningelalamika. Mimi ningeuliza, hii nchi inawezaje kuwa na ndoo ya kumwagia vitambi sikukuu nzima na watu wanachimba mto kwa vikombe? Ningeuliza nani alisaini. Yeye alistaajabu tu, kama mtu aliyechungulia dirishani mwa nyumba ya baba yake na kukuta kumewashwa taa kila chumba.

Akazungushwa kila nchi. Kwenye kidimbwi cha duara cha wadogo akakuta watoto wanakimbia wote upande mmoja, kuzunguka, kuzunguka, mpaka maji yenyewe yakaanza kuzunguka, kisha wakanyanyua miguu na maji yakawabeba. Bibi akacheka hadi akajishika ubavu. "Wameyafundisha maji kutembea!" Binti akamwambia, "Susu, twende, utachoka." Hakutaka kwenda.

Jua likaanza kushuka. Nyuma ya msitu wa plastiki, pale kwenye tembo wa simenti, ndipo alipouona.

Mto.

Mfereji mpana, kina cha kifuani, umezunguka kisiwa kidogo na kurudi ulikotoka. Watu wamelala juu ya maboya, macho wamefumba, na mto unawapeleka. Haukuwa na magogo wala mbuzi. Bibi akashika ukuta, akatazama jani moja likipita. Likapita. Likazunguka kisiwa, likarudi, likapita tena.

Shemasi alikuwa mle majini, amejitupa kwenye boya.

"Mwanangu."

"Naam, Mwaitu."

"Haya maji yanatembea?"

"Yanatembea, Mwaitu. Ingia, ni mazuri, si baridi."

"Nakuuliza wewe shemasi. Yanatembea?"

Hapo shemasi akateremka kwenye boya. Alielewa. Macho ya mama yake aliyajua.

"Mwaitu, huu ni mto wa kuchezea. Ni pampu. Kuna swichi mahali."

"Sijauliza nani anayaendesha. Hata ule wa kwetu sijawahi kumuona anayeuendesha." Na akaanza kushuka ngazi, ngazi moja, goti linalia, ngazi ya pili, na fulana yake ya dinosaria, mpaka maji yakamfika kifuani. "Nibatize."

Wapendwa, shemasi huyu alikuwa na ruhusa. Kanisa lao linamruhusu shemasi kubatiza mchungaji akiwa mbali. Mchungaji alikuwa mbali. Maji yalikuwepo. Yalikuwa yanatembea. Mama alikuwa ndani. Kilichokosekana ni nini? Niambieni nyinyi mliosoma.

Shemasi akasema, "Ngoja kwanza nipige simu."

Mke wake akamletea simu kwenye taulo. Mke akaishika yeye, sauti kwenye spika, ili mikono ya maji isiilowanishe. Mchungaji akapokea. Shemasi akaeleza, pampu, kisiwa, tembo wa simenti, yote. Halafu sauti ikasema, "Hmm. Hilo ni jambo zito. Usikate simu. Niko na wazee hapa, acha tushauriane. Msubiri."

Wakasubiri. Kwenye simu unasikia wazee wanabishana kama maji yenye dawa ni maji. Mwingine anauliza kama tembo ni sanamu ya kuabudiwa. Bibi amesimama mtoni, mikono ameikunja kifuani, mto unampita.

"Baba," akasema binti, "jua linazama."

"Nyamaza, mambo ya kanisa yana utaratibu."

"Utaratibu naujua, baba. Kila nikiomba kazi naambiwa nisubiri, we will get back to you. Susu hana muda wa we will get back to you."

Hapo ikalia filimbi. Dada mmoja mnene mwenye kaptura nyekundu, mlinzi wa waogeleaji, anapita kando ya mfereji: "Tunafunga! Tokeni majini! Tunafunga!" Na mahali fulani, nyuma ya ukuta, mtu akazima swichi.

Ndoo kubwa ikanyamaza. Piramidi zikakauka. Na mto, wapendwa, ukapungua mwendo, ukawa kama mtu anayesinzia, ukasimama. Lile jani lilikuwa mbele ya bibi. Likasimama.

Bibi akalitazama. Hakulia, hakumlaumu mtu. Alifanya jambo baya kuliko yote hayo. Alitabasamu, lile tabasamu la benchi la nyuma, akageuka kuitafuta ngazi, akasema, "Si kitu. Nishikieni tu mkono nitoke."

Shemasi hakuweza kusogea. Simu kwenye taulo inasema, "Halo? Subirini kidogo."

Ndipo yule binti akaruka ndani. Kuruka kabisa, na maji yakamrukia baba yake usoni. Akaanza kutembea. Akaukumbatia ule mfereji kwa mikono, akayasukuma maji kwa kifua, akatembea kuzunguka kisiwa. Peke yake. Ni kama kusukuma ukuta! Wadogo zake wakamtazama, halafu wakakumbuka kile kidimbwi cha duara, wakaingia nyuma yake. Mama yao akaitupa simu na taulo kwenye benchi, akaingia. Bado jani halijasogea.

"Nyie mnafanya nini?" akauliza baba mmoja mwenye kitambi, anayejifuta.

"Bibi yetu anataka kubatizwa, na maji lazima yatembee."

Yule baba akaitupa taulo. "Kumbe. Mbona hamsemi?" Na akaingia, kitambi chote, na ninawaambia, mfereji ulihisi. Wakaingia wanafunzi waliokuwa wanavaa viatu. Akaingia mama mmoja wa dini nyingine kabisa, na buibui lake la kuogelea, anasema, "Huyu ni mama wa watu, tembeeni!" Wasiojuana majina, upande mmoja, kuzunguka, kuzunguka. Na dada wa filimbi? Alikuja mbio, filimbi ipo mdomoni, akamuona yule bibi katikati, akaitoa filimbi. Akavua viatu.

Jani likatikisika. Jani likaondoka.

Wapendwa, nisikilizeni. Mto ulitembea! Pampu imezimwa, swichi iko chini, mvua haipo, na mto unatembea kwa miguu ya watu, mpaka bibi akayumba, mpaka maji yakamsukuma mgongoni kama mkono. Akafumba macho. Akasema polepole, "Bwana, na wewe uko huku pia."

Shemasi alikuwa analia wazi wazi. Akamshika mama yake begani, akasema maneno ambayo sote tunayajua, akamzamisha. Na alipoinuka, na yule dinosaria wake kifuani anachuruzika, hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wanatembea. Waliogopa wakisimama, na mto utasimama.

Kwenye benchi, ndani ya taulo, sauti ilikuwa bado inaongea. "Halo? Shemasi? Mko kwenye laini? Tumekubaliana tuunde kamati."

Walipotoka getini bibi alipita moja kwa moja, mikono mitupu, anaimba. Mlinzi akamkimbilia nyuma kidogo na lile dumu, halafu akaona jinsi anavyotembea, akasimama. Dumu likabaki pale.

Sasa mnacheka. Mmefurahi, mnasema huyo mchungaji wa simu leo amepatikana. Nani kawaambia nazungumza juu ya wachungaji? Sisi. Nasema sisi. Nani humu ndani ameambiwa asubiri mpaka amezoea kusubiri, mpaka anatusaidia kumsubirisha, anasema si kitu, nishikieni mkono nitoke? Tumewawekea watu sheria ya mto mahali pa mchanga. Asiye na nguo nzuri, asubiri. Msichana aliyezaa nyumbani, asubiri. Kijana mwenye vyeti na hana kazi, tutakuombea, subiri. Na ruhusa tunayo! Tunayo mfukoni tangu lini? Tunasubiri nani awashe swichi?

Mungu hakutukosesha maji, wapendwa. Hayo ni mengi, yanatisha wingi wake. Alichokitafuta pale kilikuwa miguu.

Geukeni. Ndiyo, geuzeni shingo, hata wewe wa kwaya. Angalieni benchi la nyuma. Mnawaona? Mnawajua majina, au mnawajua kwa mikono yao tu?

Meza iko tayari. Lakini leo, kabla hujaja huku mbele, nenda kule nyuma ukamchukue mtoto wako.