Meza ya Kina Mwachumbe

Harusini, meza ya mbele ilitengewa wakubwa wa ukoo wa Mwachumbe: jaji, daktari na kanali, ndugu wa tumbo moja. Fundi viatu mmoja wa ukoo huohuo akaja akaketi katikati yao, akajivutia sinia la pilau.

"Toka!" Kanali alifoka. "Tangu lini Mwachumbe akashona viatu?"

"Natoka, mkubwa. Ila hilo jina mlilipata kwa nani?"

"Kwa marehemu baba, Ngwali Mwachumbe!"

Fundi akamwendea mama yao, bibi kizee aliyeketi kando. "Bibi, nimefukuzwa mezani. Na mimi ndiye Ngwali Mwachumbe, niliyepewa jina la marehemu mzee."

Bibi akapiga kigelegele. "Mume wangu! We Kanali, kwa mila yetu mwenye jina la baba yako ni baba yako, hebu mwamkie!"

Ukumbi mzima ukageuka kutazama.

"Shikamoo, baba," Kanali alinong'ona.

"Marahaba, mwanangu. Haya, niletee maji ya kunawa."