Mfalme Aliyejijibu Mwenyewe

Sogeeni karibu, kisa hiki hakipendi msikilizaji mmoja.

Palikuwa na mfalme, Mwinchande, mwenye nchi ndogo iliyozungukwa na falme tatu. Desturi ya huko, kila mwezi ukiandama, mfalme husimama mpakani akapiga baragumu, na majirani humjibu kwa yao. Anayejibiwa ndiye mfalme.

Mwinchande alichoka kuwa mdogo. Akaliendea zimwi la msituni, likampa fimbo.

"Chora mstari popote," likamwambia. "Ardhi itakayoingia ndani ni yako. Watu wake ni wangu."

Akachora kaskazini. Ardhi ikawa yake, watu wakatoweka. Mwezi ulipoandama, wakamjibu wawili. Akachora kusini, akamjibu mmoja. Huyo akaja mwenyewe kwa miguu.

"Ndugu yangu, ukinimaliza na mimi, nani atakuita mfalme?"

"Watu wangu," akasema Mwinchande, na akachora.

Lakini mstari wa tatu ulikutana na wa kwanza, ukaizingira hata nchi yake mwenyewe. Watu wake nao wakaenda na zimwi.

Mwezi ulipoandama akapiga baragumu. Kimya. Akaliweka begani, akatembea siku nzima hadi ng'ambo ya mpaka wa zamani, akageukia kwake, akapiga tena ili ajijibu mwenyewe. Kule kwake hakukuwa na wa kusikia.

Hadi leo huenda na kurudi, anapiga huku, anajibu kule.

Kisa changu kimeishia hapo. Haya, niitikieni, nami nisije nikawa kama yeye.