Nukta Iliyohama Kutoka Kwenye Lori

Katika nchi moja yenye jua kali, kikosi cha ndege za kushambulia ardhini kilikuwa kinatafuta mwalimu mpya wa shabaha. Kapteni Wakesho aliitamani kazi hiyo kuliko kitu chochote. Mwaka uliotangulia aliiomba, akaambiwa angoje.

Jaribio lilikuwa kupiga lori bovu lililopakwa rangi nyeupe, huko mbali tambarareni, kila rubani na lori lake. Rubani hufyatua kombora, kisha hulimulika lori kwa mwali wa leza. Kombora hufuata ile nukta ya mwanga popote ilipo. Kwa hiyo kazi haiishi kwa kufyatua. Nukta lazima ishikiliwe mpaka mwisho.

Meja Kirigia, aliyeitaka kazi hiyo pia, alitangulia. Lori lake likawa vipande, na kilimani walikosimama wenzao zikapigwa mbinja.

Ikafika zamu ya Wakesho, na lori lake, kilomita kadhaa kutoka la Meja.

"Wakesho, mbuzi ameshaiva," Kirigia alimtania redioni. "Usitucheleweshe."

"Niwekeeni paja," alijibu, akafyatua.

Kombora likaenda. Kwenye skrini, nukta ilitulia mlangoni mwa lori. Mara, chini ya lori, Wakesho akaona mguu wa mtu. Ulichomoza juani, kisha ukavutwa tena kivulini.

Kombora halikuweza kurudi. Lakini nukta bado ilikuwa mikononi mwake. Akaiondoa mlangoni, akaiburuta taratibu ili kombora lisiipoteze, mpaka kwenye mto mkavu uliokuwa mbali na lori, akaituliza hapo.

Mchanga ukaruka juu. Lori likabaki limesimama, jeupe pe.

Kilimani waliangua kicheko. "Wakesho, lori linakusalimia!"

"Kuna mtu chini yake," alisema.

Kicheko kikakatika. Kanali Dzombo, mkuu wa kikosi, akakimbilia gari.

Alimkuta mfugaji mmoja, Mzee Lokwawi, akijikung'uta mchanga masikioni. Walinzi walikuwa wamekagua uwanja alfajiri. Yeye alipita baadaye, akaona kivuli pekee kilichokuwa karibu, akajilaza.

"Nyinyi watoto," alifoka, "mtu hawezi kulala kidogo?"

Kisha akatazama mtoni, akaanza kukimbia. Ndani ya shimo la kombora, maji yalikuwa yanachuruzika.

"Asubuhi nzima nimechimba mto huu kwa mikono mpaka kucha zimeisha!" alicheka huku machozi yakimtoka. "Nani amenichimbia?"

Wakesho alipotua, alijua ameshindwa. Kanali alikuwa amerudi kambini, na Lokwawi ameketi karibu na moto, analamba vidole.

"Kwa kanuni, Kapteni, umekosa lori," Kanali alisema.

"Ndiyo, Afande."

"Na Meja amelipiga."

Kirigia akasimama. "Afande, kupiga nitawaonyesha siku yoyote. Lakini hili alilofanya Wakesho, hata mimi nataka kufundishwa." Akampa Wakesho paja zima la mbuzi.

Kanali alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akacheka. "Basi, Mwalimu, kula kwanza. Kesho unaanza darasa."

"Na mimi je?" Lokwawi akauliza. "Nina mto mwingine mkavu kule ng'ambo."

Funzo: Ukigundua umeelekeza nguvu zako pabaya, geuza ungali na nafasi, hata kama watu wote wanakutazama. Aibu ya kukosa huisha kwa kicheko. Uhai wa mtu ukishapotea haurudi.