Mgeni Rasmi na Ndoo Kumi na Nane

Paukwa!
Pakawa!
Hapo kale palikuwa na nini?
Palikuwa na kaa, palikuwa na chewa, palikuwa na hewa.
Na sasa?
Kikohozi!
Basi kohoeni taratibu, nisikike.

Alikuwepo Fisi. Fisi alikuwa na meli ya mafuta, kuukuu, imetoboka kama chujio la tui. Akaambiwa aizibe, akasema kesho. Akaambiwa tena, akasema kesho. Siku moja ikapasuka, mwaaa! Mafuta meusi yakajaa kwenye mikoko ya kina Komba.

Fisi akaja na suti mpya, tumbo mbele. "No panic, ndugu zangu! Everything is under control. Mafuta haya hayana sumu, hayanuki, hayawashi. Yachoteni tu."

"Kwa mikono mitupu, Mheshimiwa?" akauliza Komba, kanyama kadogo, macho kama visosi.

"Kwani mikono mmepewa ya nini?"

Wakachota. Wakachota kwa vifuu, wakachota kwa viganja. Siku ya kwanza, macho yakawasha. Siku ya pili, vichwa vikagonga. Siku ya tatu, ngozi zikatoka malengelenge, na mama yake Komba, aliyechota kuliko wote, akaanza: koho, koho, koho, hata kulala hawezi.

Hospitali kubwa ilikuwa ng'ambo ya maji, na hupokelewi bila fomu ya rufaa. Fomu anaijaza Dakta Korongo, na Dakta Korongo anakula kwa Fisi. Macho yanawasha? "Mafua." Kichwa kinagonga? "Mafua." Malengelenge? "Mafua ya ngozi." Mafua ya ngozi! Na huyo alivaa joho la udaktari, akapigiwa vigelegele.

"Dakta, mama hapumui," akasema Komba.

"Mpe limau. Next!"

Komba akaenda moja kwa moja kwa Fisi, akapiga goti. "Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba."

"Wanakijiji wanataka kukupongeza. Uwe mgeni rasmi. Kutakuwa na mbuzi."

Fisi alisikia neno moja tu. "Mzima?"

"Mzima."

Ada zetu mnazijua. Mgeni rasmi hainuki mpaka risala isomwe. Hali mpaka kwaya zote ziimbe. Haondoki mpaka ngonjera iishe. Watu kufa ruksa, lakini itifaki? Itifaki lazima izingatiwe!

Likajengwa jukwaa, turubai pande tatu, zulia jekundu. Chini ya kiti cha Fisi, nyuma ya kitambaa cha maua, Komba akapanga ndoo kumi na nane za yale mafuta, wazi, jua la saa saba likiyachemsha. Wanakijiji wakakaa mbali, upande unakotoka upepo. Mbele ya Fisi, sufuria limefunikwa: tok, tok, tok.

Risala, kurasa kumi na nne. Fisi akapiga chafya. Kwaya ya kwanza, machozi yakamtoka. "Ameguswa!" watu wakashangilia. Kwaya ya pili, kichwa kikagonga.

"We Komba," akanong'ona, "harufu gani hii?"

Komba akapaza sauti. "Jamani, Mheshimiwa anauliza harufu! Mheshimiwa, si ulisema hayanuki?"

Fisi akautazama umati. Akalitazama sufuria. "Hakuna harufu. Endeleeni."

Wakaendelea. Ngonjera, beti thelathini. Ubeti wa tisa: koho! koho! Fisi akatapika juu ya zulia, bwaa! Akaanguka, puu!

"Mafua," akasema Komba. "Mpeni limau."

"Mafua gani, mjinga wewe!" akafoka Dakta Korongo, aliyekaa ubavuni kwa Fisi, naye machozi yanamchuruzika. "Huyu kavuta sumu ya mafuta! Mtoeni nje! Leteni fomu ya rufaa!"

Fomu ilikuwa tayari, kwapani kwa Komba. Alishaandika majina thelathini na moja na dalili zao, mama yake juu kabisa. La thelathini na mbili: Fisi, dalili kama za hapo juu. Ilibaki nafasi moja chini, Sababu. Dakta hakusoma. Akainyakua, akaandika: sumu ya mafuta yaliyomwagika. Akagonga muhuri, pwa!

Kasa, nahodha wa boti ya wagonjwa, akaita. "Namba moja!" Mama Komba akapanda. "Namba mbili!" Hivyo hivyo, mpaka thelathini na moja. Boti ikajaa.

"Mimi VIP!" Fisi akalia.

"Mzee, boti inafuata fomu. Safari ijayo."

Fisi akabaki ufukweni na sufuria lake. Akafunua. Mawe matatu.

"Pole, Mheshimiwa," akasema Komba. "Chukua limau."

Mama Komba anakohoa hadi leo, ila anakohoa akiwa hai. Fisi alipopona alinunua meli nyingine. Kuukuu.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Mwenye pumzi aibebe. Funzo, watoto wazuri: mkikohoa, nyamazeni, ni mafua. Na mgeni rasmi mumheshimu sana. Mkalisheni karibu kabisa na kazi ya mikono yake.